Josquin des Prez na sauti nne zilizo sawa: uzi wa kujadili uimbaji wa Zama za Mwamko

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na kila ninapowapa waimbaji wangu wimbo wa karne ya 15 au ya 16, swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, wimbo wenyewe uko kwa nani?" Ni swali la haki. Nyimbo tulizokua nazo kwa kawaida huiweka sauti ya kwanza mbele, na sauti ya pili, ya tatu na besi huijazia kwa chini, zikitamka silabi ileile kwa wakati uleule. Mwimbaji wa sauti ya pili anaweza kuimba miaka 20 bila kukabidhiwa hata sentensi moja ya muziki inayosimama kwa miguu yake. Katika muziki wa Renesansi, yaani Zama za Mwamko wa Ulaya, ambazo kwa upande wa muziki huhesabiwa takriban kuanzia mwaka 1400 hadi 1600, jibu la swali lile ni kwamba wimbo uko kwa wote, na hakuna anayemsindikiza mwenzake. Nimefungua uzi huu ili tulijadili jambo hilo kupitia mtunzi mmoja, Josquin des Prez, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kwaya zetu zinakosa kitu kikubwa kwa kutomwimba.

Nianze na moteti yake ya sauti nne, "Ave Maria... virgo serena". Moteti, kwa wasioizoea, ni utungo wa sauti kadhaa wenye maneno matakatifu ya Kilatini, ambao si mojawapo ya sehemu za kudumu za misa. Sauti ya kwanza inaanza peke yake, inaruka kwenda juu na kutamka "Ave Maria". Kabla haijapoa, sauti ya pili inaingia na maneno yaleyale kwa wimbo uleule, kisha ya tatu, kisha besi, kila mmoja akimpokea mwenzake kama watu wanaopokezana mzigo njiani. Maneno yanayofuata, "gratia plena", yanapokezwa kwa utaratibu huohuo. Msikilizaji aliyezoea kuifuata sauti ya juu peke yake husikia robo tu ya kinachoendelea.

Mbele kidogo, kwenye maneno "Ave vera virginitas", mapigo yanageuka kuwa ya tatu tatu, na ghafla inaonekana kana kwamba sauti zote zinatamka pamoja kama tenzi za kanisani. Hapo ndipo ufundi ulipojificha: sauti ya tatu inaimba wimbo uleule wa sauti ya kwanza, hatua ya tano chini yake, ikiwa imechelewa kwa pigo moja tu. Niliifundisha sehemu hiyo kwa majuma mawili kabla sijaitambua, na nilipoitambua nilisimamisha mazoezi ili sauti hizo mbili ziimbe peke yake na wengine wasikilize.

Mwishoni kuna kimya kifupi, halafu sauti zote nne zinaimba pamoja kwa nota ndefu: "O Mater Dei, memento mei", yaani Ee Mama wa Mungu, unikumbuke mimi. Baada ya kupokezana kote kule, ombi la mwisho ni la nafsi moja, nalo linatamkwa na wote kwa pamoja. Ottaviano Petrucci, mchapaji wa Venice, aliiweka moteti hii ya kwanza kabisa katika kitabu chake cha moteti cha mwaka 1502, na mimi simshangai.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa mada nzito. Mimi huimba besi katika kwaya ya Kilutheri, nasi hujifunza kwa solfa. Ningependa kujua waimbaji wa wakati ule walisomaje muziki. Je, walikuwa na do re mi kama sisi, na walikuwa na karatasi yenye sauti zote nne zikiwa zimepangwa juu na chini?

Mleta uzi

Nianze na karatasi, maana jibu lake linaeleza mengi. Hawakuwa na ukurasa wa sauti zote zilizopangwa mstari juu ya mstari. Kanisani walikuwa na kitabu kimoja kikubwa juu ya kinara, na waimbaji wote walisimama mbele yake. Katika kurasa mbili zilizofunuliwa, kwa kawaida sauti ya kwanza iliandikwa juu kushoto, ya tatu chini yake, ya pili juu kulia, na besi chini kulia, kila sauti ikiwa na eneo lake. Hapakuwa na mistari ya kugawa vipimo. Baadaye vikaenea vitabu vidogo vya sauti moja moja, na mwenye kitabu cha besi hakuona nota hata moja ya wenzake. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuhesabu kwa macho, na kila mmoja alilazimika kuwasikiliza wengine ili ajue mahali alipo. Hata majina yalitokana na kazi za sauti hizo: "tenor" linatokana na neno la Kilatini la kushika, kwa kuwa hapo zamani sauti hiyo ndiyo iliyoushika wimbo wa msingi, mara nyingi wimbo wa kanisa wa kale, kwa nota ndefu, huku nyingine zikifumwa kuizunguka.

Solfa walikuwa nayo, ila si hii yetu kamili. Mtawa Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Ni silabi sita tu. "Ti" haikuwamo, na "ut" ndiyo iliyokuja kuitwa "do". Wimbo ulipozidi nota sita, mwimbaji alihama kutoka kundi moja la silabi kwenda jingine, na kanuni iliyomwongoza ni kwamba nusu hatua daima huitwa mi-fa. Solfa ya herufi iliyomo katika vitabu vyetu ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19, lakini mzizi wake ni huohuo, na mwimbaji wa kwaya zetu anaweza kuingia katika misa moja ya Josquin kwa mlango ambao mpiga piano hana.

Misa hiyo ni "Missa Hercules Dux Ferrariae", aliyoitunga kwa heshima ya Ercole wa Kwanza, mtawala wa Ferrara. Josquin alichukua jina na cheo, Hercules Dux Ferrarie, akatoa vokali zake: e, u, e, u, e, a, i, e. Kila vokali akaipa silabi ya solfa yenye vokali hiyo: re, ut, re, ut, re, fa, mi, re. Tafadhali iimbe sasa hivi kwa solfa yako: re do re do re fa mi re. Wimbo huo mfupi ndio nguzo ya misa nzima. Sauti ya tatu inaushika kwa nota ndefu, mara chini, mara hatua ya tano juu yake, mara oktavu, yaani hatua ya nane, juu, tangu Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu hadi Mwanakondoo wa Mungu, huku sauti nyingine zikipita kila upande wake. Gioseffo Zarlino, mwananadharia wa muziki wa Venice, aliueleza mtindo huu mwaka 1558 kuwa ni mada iliyochongwa kutoka katika maneno. Kila mara mwimbaji wa sauti ya tatu alipofungua kinywa, mtawala alisikia jina lake likiimbwa bila kutamkwa. Wapo wanaoona kwamba huko ni kumbembeleza tajiri ndani ya ibada. Mimi naona ni fundi aliyepewa matofali manane akajenga nayo nyumba nzima.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma mahali kwamba Josquin alikuwa na masharti makali ya malipo. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Ni kweli, na ushahidi ni barua. Mwaka 1502 Ercole alikuwa akitafuta kiongozi wa waimbaji wake. Wakala wake, Gian de Artiganova, alimwandikia akimshauri amchukue mtunzi mwingine, Heinrich Isaac, kwa hoja kwamba Isaac ni mwepesi wa kutunga na anaelewana vizuri na wenzake. Kuhusu Josquin, wakala alikiri kwamba hutunga vizuri zaidi, lakini hutunga anapotaka yeye na si anapotakiwa, tena anaomba dukati (sarafu za dhahabu) 200 wakati Isaac angekuja kwa 120. Ercole alimchagua Josquin, aliyefika Ferrara mwaka 1503. Mwaka uliofuata, tauni ilipokuwa ikitishia mji, aliondoka. Nafasi yake ilichukuliwa na Jacob Obrecht, naye tauni ikamuua mwaka 1505.

Katika muda huo mfupi Ferrara ilipata moteti ambayo kwangu ndiyo kilele cha kazi zake, "Miserere mei, Deus", yaani Zaburi ya 51 nzima kwa sauti tano. Humo sauti ya tatu ina kazi moja tu: kuimba maneno "Miserere mei, Deus", unirehemu ee Mungu, kwa nota moja inayorudiwarudiwa na kupanda hadi nota inayofuata mara moja kabla ya kurejea. Katika sehemu ya kwanza kila mwito huanza hatua moja chini ya uliotangulia, mpaka oktavu nzima imeteremkwa. Katika sehemu ya pili hupanda ngazi ileile, na katika ya tatu huteremka tena hadi nusu ya njia. Miito hiyo jumla ni 21, na kila unapofika, sauti nyingine zinaacha kusimulia aya yao na kuungana na ombi hilo. Mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya yangu alilalamika kwamba amepewa nota mbili tu. Tulipoiimba yote hadi mwisho, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaomba turudie.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mpiga udi katika kikundi cha taarab, Unguja, na ningependa kuchangia upande wa ala. Picha za wakati ule zimejaa ala iitwayo luti, yenye tumbo la nusu tango na kichwa kilichokunjwa nyuma. Ndugu zangu, huyo ni udi. Hata jina lake limetokana na neno la Kiarabu, al-ud, ambalo liliingia Ulaya hasa kupitia Andalusia, Waislamu walipoitawala Hispania. Tofauti kubwa ni kwamba Wazungu waliifunga shingo yake kwa vipande vya utumbo vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza, ilhali udi wetu hauna vizuizi hivyo, nasi tunaweza kuzigusa sauti zilizo katikati. Sasa naomba kuuliza: mpiga luti mmoja anawezaje kupiga muziki wa sauti nne?

Mleta uzi

Ndugu mpiga udi, umeleta jambo lililokuwa likikosekana. Luti kwa muda mrefu ilichapwa kwa unyoya, kama wewe unavyouchapa udi, na kwa unyoya mpigaji alikuwa akitoa hasa mstari mmoja. Kuelekea mwisho wa karne ya 15 wapigaji walianza kutumia ncha za vidole, na kila kidole kikawa na uwezo wa kushika sauti yake. Kuanzia hapo kwaya nzima iliweza kuhamishiwa kwenye ala moja. Hawakuhitaji hata nota za kawaida, kwa sababu walitumia mfumo wa maandishi ulioonyesha uzi gani ubonyezwe mahali gani. Petrucci alichapa kitabu cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1507. Huko Hispania, walikopendelea vihuela, yenye umbo la gitaa na mpangilio wa nyuzi kama wa luti, Luis de Narváez alichapa mwaka 1538 wimbo wa Kifaransa wa majonzi, "Mille regretz", unaohusishwa na Josquin, akauita wimbo wa mfalme mkuu, yaani Karolo wa Tano.

Kuna ndugu wengine wa ala zetu. Ala kubwa ya sherehe za nje huko Ulaya ilikuwa ya familia ya zumari, yenye mwanzi wa ndimi mbili mdomoni, nayo ilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kutoka ya sauti ya juu hadi ya besi. Watu wa wakati ule walizigawa ala kuwa za sauti kali na za sauti ya upole. Zumari, tarumbeta na tromboni za mwanzo ziliwekwa kundi moja kwa ajili ya viwanja na kumbi kubwa. Luti, kinubi, filimbi na fidla za kushikwa baina ya magoti zikawa za chumbani.

Na kwa kuwa tupo pwani, mtaniruhusu nitaje jambo moja. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba mfalme wa Malindi alikuwa na wapiga tarumbeta wengi, pamoja na pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, zenye urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni, na kwamba zilipatana vizuri na zile tarumbeta. Bila shaka hizo ni siwa. Mwaka huohuo Josquin alikuwa hai, katika umri wa kazi zake kubwa, na masikio yaliyolelewa katika muziki wa Ulaya ya zama zake yalizisikia siwa zetu yakazisifu.

Mchangiaji wa nne

Katika mafunzo ya liturjia tulifundishwa kwamba Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitaka kuupiga marufuku muziki wa sauti nyingi, na kwamba Palestrina aliuokoa kwa "Misa ya Papa Marcello". Kwa nini mleta uzi hamtaji mtu huyo?

Mleta uzi

Simtaji kwa sababu uzi ni wa Josquin, lakini simulizi hilo linahitaji kusahihishwa. Mtaguso wa Trento ulifanyika kwa vipindi kati ya mwaka 1545 na 1563, na katika kikao cha mwaka 1562 uliagiza kwamba muziki wenye uchafu au ulegevu wa maadili uondolewe makanisani. Haukutoa amri ya kupiga marufuku sauti nyingi. Papa Marcello wa Pili alitawala siku 22 tu, mwaka 1555, na siku ya Ijumaa Kuu aliwaita waimbaji wake akawataka waimbe kwa namna inayolingana na uzito wa siku ile na maneno yasikike. Giovanni Pierluigi da Palestrina alikuwa mmoja wa waimbaji wa kikanisa cha Papa mwaka huohuo, hadi papa aliyefuata, Paulo wa Nne, alipomwondoa kwa kuwa alikuwa ameoa. Misa yenye jina la Marcello ni ya sauti sita, ilichapwa mwaka 1567, na kwa kweli katika Utukufu na Nasadiki maneno yanasikika waziwazi, kwa sababu sauti nyingi hutamka pamoja. Ni kazi nzuri mno. Ila kwa mwalimu anayetaka kuwafundisha waimbaji kusikilizana, ningeanza na Josquin, ambaye nyuzi zake ni chache na zinaonekana.

Mchangiaji wa tano

Je, wanawake walikuwa wapi katika haya yote? Na je, palikuwa na mtunzi yeyote mwenye asili ya Afrika?

Mleta uzi

Katika kwaya za makanisa makubwa sauti ya kwanza iliimbwa na wavulana, au na wanaume walioimba kwa sauti ya kichwa. Wanawake waliimba katika monasteri zao na katika nyumba za watawala. Nje ya kanisa, hasa katika madrigali, yaani mashairi ya Kiitalia ya mapenzi na huzuni yaliyotungiwa muziki wa sauti nne, tano au sita kuanzia miaka ya 1520 na 1530, walipata nafasi pana zaidi. Maddalena Casulana alichapisha kitabu chake cha madrigali huko Venice mwaka 1568, na katika maneno ya kukitoa zawadi kwa Isabella de' Medici alisema wazi kwamba anataka kuonyesha kosa la wanaume wanaojiona kuwa wao peke yao ndio wenye vipawa vya akili.

Kuhusu asili ya Afrika, yupo Vicente Lusitano, Mreno aliyechapisha moteti zake Roma mwaka 1551. Maandishi ya Kireno ya karne ya 17 yanamwita "pardo", neno walilolitumia kwa mtu mwenye asili mchanganyiko, na wataalamu wengi humhesabu kuwa na damu ya Kiafrika. Mwaka huohuo wa 1551 alishindana huko Roma na Nicola Vicentino katika mjadala wa nadharia ya muziki, na waamuzi wakampa ushindi Lusitano. Linalonigusa zaidi ni kwamba moteti yake ya sauti nane, "Inviolata, integra et casta es", imejengwa juu ya moteti ya Josquin ya sauti tano yenye jina hilo. Alichukua nyumba ya bwana mkubwa akaongeza vyumba vitatu, na haikuelemewa. Natamani kwaya moja ya hapa kwetu iimbe hizo mbili mfululizo katika jioni moja.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi. Jana katika mazoezi ya besi tuliimba re do re do re fa mi re hadi jirani akaja kuuliza kama ni wimbo mpya wa Pasaka. Naomba swali la mwisho: Luther alimfahamu Josquin?

Mleta uzi

Alimfahamu na kumpenda. Luther alisema kwamba Josquin ni bwana wa nota, nazo hufanya apendavyo yeye, ilhali watunzi wengine hufanya zipendavyo nota. Umaarufu huo ulileta tatizo lake: wachapaji wa Ujerumani waliendelea kuweka jina la Josquin juu ya kazi za watu wengine, hata mhariri wa vitabu vya nyimbo, Georg Forster, akanukuu mwaka 1540 kauli ya mtu mmoja mashuhuri kwamba Josquin ametunga zaidi baada ya kufa kuliko alipokuwa hai. Wataalamu bado wanazichambua kazi hizo, moja baada ya nyingine.

Miaka yake ya mwisho aliishi Condé-sur-l'Escaut, mji mdogo ulioko leo kaskazini mwa Ufaransa, akiwa mkuu wa kanisa la mji huo, na hapo ndipo alipofariki tarehe 27 Agosti 1521. Aliacha mali kwa kanisa kwa sharti moja: kila maandamano ya mji yapitapo mbele ya nyumba yake, waimbaji wasimame na kuimba Baba Yetu aliyoitunga yeye, pamoja na Salamu Maria yake, kwa sauti sita. Nitaleta hapa sauti ya tatu ya "Ave Maria" niliyoandika kwa solfa, na mwenye nafasi ya kuandika besi anijulishe.